Kugongwa titi hakuleti saratani

Nairobi bado utasikia kwamba mama aliyegongwa titi kwenye matatu atakuja kupata saratani. Sivyo. Jeraha la mara moja huvimba, hupona, yakaisha. Mara nyingi maumivu humfanya mtu ajipapase, akagundua uvimbe uliokuwepo tangu zamani. Lawama ikaangukia matatu, ambayo kwa hili haina kosa.

Hatari iko kwenye madhara yasiyokoma. Virusi vya hepatitisi B vinapokaa kwenye ini miaka na miaka, seli hufa na nyingine kugawanyika kuziba pengo, na kila mgawanyiko ni nafasi ya kosa kwenye DNA, yaani maagizo ya seli, na makosa hayo yakirundikana huweza kuleta saratani. Kemikali za kinga ya mwili nazo huongeza uharibifu. Chanjo, ambayo watoto hupewa kliniki, hukata mlolongo huo mapema.

Uvimbe titini upimwe, hata kama uligongwa jana.