Masafa Yale Yale, Vifaa Visivyoelewana

Swali limenifikia tena: ikiwa kihisi cha nyumbani na kitovu, yaani kifaa kinachoviongoza vingine, vyote vinatumia gigahezi 2.4, kwa nini kimoja hakikioni kingine? Muulizaji huwa ameshaiona namba hiyo kwenye maboksi yote mawili na kuamua kwamba kifaa ni kibovu. Namba hiyo haithibitishi maelewano yoyote. Wi-Fi, Bluetooth, na pia Zigbee na Thread, mitandao ya redio ya vifaa vya nyumbani, zote zinatumia gigahezi 2.4, na hakuna inayosoma ujumbe wa mwenzake. Ujirani huo huzaa usumbufu tu: ruta ya Wi-Fi iliyo kwenye chaneli ya 1 huzifunika chaneli za 11 hadi 14 za Zigbee, na mtu hulaumu betri.

Z-Wave, mtandao mwingine wa redio wa vifaa vya nyumbani, haina utata mkubwa. Hutumia megahezi 868.42 barani Ulaya na 908.42 nchini Marekani, kwa hiyo kifaa cha soko moja hakisikiki kwenye kitovu cha soko lingine, nembo iwe ile ile au isiwe.

Kinachonichosha zaidi ni imani kwamba neno Zigbee kwenye boksi linamaliza mjadala. Zigbee na Thread zimejengwa juu ya kiwango kimoja cha redio, IEEE 802.15.4, na mara nyingi chipu ile ile huweza kuendesha yoyote kati ya hizo kwa kubadilishiwa programu tu. Hata hivyo Thread hubeba IPv6, itifaki ya intaneti, ilhali Zigbee ina utaratibu wake wa mtandao. Hata vifaa viwili vya Zigbee vikishaunganishwa, kuelewana hutegemea klasta, yaani mafungu ya amri na taarifa ambayo kila kifaa hujitangazia. Klasta ya kuwasha na kuzima ni 0x0006. Ya joto ni 0x0402, nayo hutuma 2150 ikimaanisha nyuzi 21.5, kitovu kinachoijua hugawanya kwa 100 na kuonyesha jibu. Lakini kiwango kinamruhusu mtengenezaji kuwa na klasta zake binafsi, kuanzia 0xFC00, na humo ndimo baadhi yao huficha kile hasa ulichonunulia kifaa. Kihisi cha namna hiyo hujiunga bila shida, huonekana kwenye orodha, hutoa kiwango cha betri, kisha hukaa kimya. Mwenye nyumba hukifuta na kukiunganisha upya usiku kucha, wakati redio haina kosa lolote. Kinachokosekana ni tafsiri ndani ya kitovu.

Hapo ndipo mtu hunijibu, kwa ushindi, kwamba Matter, kiwango cha pamoja cha vifaa vya nyumbani vya watengenezaji mbalimbali, imeyamaliza hayo yote. Toleo lake la kwanza lilitoka Oktoba 2022, na ni kazi nzuri, ila Matter si redio. Husafiri juu ya Wi-Fi, Etaneti au Thread, nayo hutumia Bluetooth wakati wa kusajili kifaa tu. Balbu ya Matter inayotumia Thread bado inahitaji ruta ya mpakani ya Thread, inayoiunganisha na mtandao wa nyumba, na balbu ya Zigbee huingia Matter kupitia daraja tu, yaani kifaa kinachotafsiri kati ya hizo mbili. Tena, kila aina ya kifaa lazima iwe imeainishwa kwenye kiwango na pia iwe imetekelezwa na programu inayokiongoza: roboti za kufagia ziliingia katika toleo la 1.2, mwaka 2023, na kitovu kisichosasishwa hakiwezi kuziendesha, hata ukiisoma nembo kwa sauti.

Vitabu husema mtandao wa vifaa vinavyopokezana ujumbe hujirekebisha wenyewe. Sina imani hiyo kamili. Nimeona vihisi vya betri vikimng'ang'ania mpokezi wa mbali huku swichi yenye umeme wa kudumu, inayoweza kupokeza ujumbe, ikiwa ukuta wa pili, na sababu niliyoitoa wakati huo ilikuwa zaidi dhana kuliko uchunguzi. Hata kabla ya kununua, baada ya kusoma klasta zote na toleo la programu ya kitovu, simwahidi mteja kitu mpaka nimeviunganisha mezani, nikakizima kitovu na kukiwasha, na kihisi kikaendelea kutuma vipimo.