Vidonge Kumi na Kimoja Vilivyobaki Chupani

Mzee mmoja alikuja kliniki, akatoa chupa ya dawa mfukoni na kuiweka mezani. Mwezi uliotangulia alichukua vidonge 30 vya imatinibu, dawa ya saratani ya damu, kimoja kwa siku. Tukahesabu pamoja: vimebaki 11. "Sista, nilijisikia mzima, nikaona nipumzishe tumbo." Hakuwa mkaidi. Mimi nilimfundisha namna ya kumeza, sikumfundisha kwa nini ameze hata akiwa hana dalili yoyote.

Siku hizi naanzia hapo. Katika lukemia sugu ya mieloidi, ndiyo saratani ya damu aliyonayo mzee huyu, kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) ya 9 na ya 22 hubadilishana vipande. Ile ya 22 iliyofupika iligunduliwa mwaka 1960 mjini Philadelphia, ikapewa jina la mji huo. Mabadilishano hayo huzaa jeni iitwayo BCR-ABL, na protini yake huuchochea uboho utoe seli nyeupe bila kukoma. Kwa mgonjwa nasema hivi: bomba limeharibika koki, na dawa ni kidole kilichoziba. Ukiondoa kidole, maji yanarudi, ila wewe hutayasikia yakitiririka. Kabla ya imatinibu kuidhinishwa Marekani mwaka 2001, wengi hawakuishi miaka mingi na ugonjwa huu. Ndiyo maana vidonge vile 11 vilinikosesha raha.

Simwulizi mtu "umeelewa?" Atajibu ndiyo kwa heshima tu. Namwambia: "Mzee, mama akikuuliza nyumbani dawa hii inamezwaje, utamjibu nini?" Hapo ndipo kasoro zinajitokeza, hasa kwa aliyebadilishiwa dawa. Imatinibu humezwa pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji. Nilotinibu, dawa nyingine ya ugonjwa huu, ikiwa ya kapsuli za kawaida ni kinyume chake: usiwe umekula kwa saa mbili kabla, wala usile kwa saa moja baada ya kuimeza, maana chakula huongeza dawa kwenye damu na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Mtu akibeba mazoea ya dawa ya kwanza hadi ya pili, anajihatarisha bila kujua.

Madhara nayataja mapema, kwa majina yake: kope kuvimba asubuhi, misuli ya miguu kukaza usiku, kichefuchefu. Asiyeonywa akijiona kwenye kioo macho yamevimba hudhani figo zimekufa, anaacha dawa kimyakimya. Uzito ukipanda ghafla au pumzi zikibana, hiyo si ya kusubiri kliniki, atupigie siku hiyohiyo. Dozi ikisahaulika, asimeze mbili kufidia. Balungi aache. Mitishamba atuambie kwanza, na mwanamke anayetaka mtoto aseme kabla hajashika mimba.

Halafu nachukua karatasi. Kipimo cha damu kinachoonyesha kiasi cha BCR-ABL hurudiwa kila miezi mitatu, nami naandika shabaha zake: mwezi wa 3, isizidi asilimia 10; mwezi wa 6, asilimia 1; mwezi wa 12, asilimia 0.1. Mgonjwa anaandika majibu yake kando, kwa mkono wake mwenyewe. Naipenda sana karatasi hii, kwa sababu inamwonyesha ugonjwa ambao mwili wake umenyamaza kuusema.

Mzee yule ameikunja ya kwake ndani ya kadi ya kliniki. Safari iliyofuata aliitoa kabla sijamkaribisha kiti, akauliza, "Leo tunaandika ngapi?"