Je, wajua kwa nini udongo wa msitu ulioungua hukataa maji?

Mvua ya kwanza baada ya moto wa msituni mara nyingi haizami. Huteleza juu ya ardhi kama maji juu ya jani la gimbi, ikakokota majivu na udongo hadi mtoni.

Chanzo ni nta. Majani yaliyoanguka na mboji vina nta na mafuta, na moto ukipita hugeuka mvuke. Sehemu hupaa na moshi. Sehemu nyingine hushuka ardhini, hukutana na chembe zenye ubaridi na kuzivika utando mwembamba. Utando huo hukolea udongo ukifika nyuzi 175 hadi 200 hivi za Selsiasi. Joto likizidi 280 hivi, nao huungua. Ndiyo maana tabaka kaidi mara nyingi hujificha sentimita chache chini ya uso. Udongo wa kichanga huumia zaidi, maana chembe zake ni kubwa na nta kidogo tu hutosha kuzifunika.

Kupima ni rahisi. Kwangua majivu yote (yenyewe hunyonya maji vizuri, yatakudanganya), dondosha matone kwenye udongo mkavu, kisha hesabu. Tone likikaa zaidi ya sekunde 5, udongo unakataa maji. Likizama upesi, usiridhike: chimba sentimita moja moja, ukirudia, hadi tano hivi.

Tabaka hilo mara nyingi hudhoofika ndani ya mwaka mmoja au miwili, mizizi mipya na wadudu wakilitoboa. Hatari inayosahaulika ni ya mizizi ya zamani. Mti ukifa, mizizi yake hushikilia mteremko kwa muda, kisha huoza. Maporomoko yanaweza kuja hata miaka 3 hadi 10 baadaye, endapo miche haijatia mizizi ya kutosha. Kuburuta magogo kwa mitambo huharakisha balaa hilo, kwa kuwa hushindilia udongo na kuponda miche.

Kinga bora ya mwanzo ni matandazo ya nyasi kavu zisizo na mbegu za magugu, yafunike walau asilimia 60 ya ardhi. Magogo yaliyolazwa kukingama mteremko husifiwa mno kuliko yanavyostahili: mvua kubwa huyapita juu, na gogo lisilozikwa kidogo huacha mwanya chini yake, maji yakapenya hapo na kuchimba mfereji.