Je, wajua kwa nini nzige mchanga mpweke ni wa kijani, ilhali wa kundini ni mweusi na manjano?

Nzige wa jangwani walipoingia kaskazini mwa Kenya, mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020, walikuwa tayari na mabawa, wa rangi ya waridi, na walionekana kutoka mbali. Je, mdudu asiyejificha hata kidogo huishi wapi miaka yote ambayo hakuna anayemwona? Huishi jangwani akiwa peke yake, na akiwa peke yake huwa na rangi nyingine kabisa.

Tunutu, yaani nzige mchanga ambaye bado hajaota mabawa, akikua bila wenzake huwa wa kijani kama majani anayoyala, hata ndege akipita karibu asimtambue. Mvua ikinyesha, wakazaliana na kubanana, kugusana kwao huamsha mabadiliko mwilini: mwenendo hubadilika kwa muda wa saa chache, na rangi hufuata wanapojivua gamba, wakawa na mabaka meusi juu ya manjano. Tofauti ya namna hii huwapotosha hata wataalamu. Ilikuwa 1921 ndipo mtaalamu wa wadudu Boris Uvarov alipoonyesha, kwa nzige wahamaji, kwamba aina mbili zilizodhaniwa kuwa mbalimbali zilikuwa moja.

Maelfu ya tunutu wanaotembea pamoja hawawezi kujificha, hivyo rangi ya kijani haiwafai tena. Manjano na nyeusi humwonya ndege kwamba huenda mdudu huyu amekula mimea yenye sumu, naye tunutu wa kundini huila kweli mimea hiyo.

Weusi una kazi ya pili. Wadudu hutegemea sana jua ili kupata joto la kutembea na kusaga chakula, na rangi nyeusi hufyonza mwanga mwingi kuliko rangi nyepesi, jambo lenye thamani kubwa asubuhi ya jangwani yenye baridi. Hata hivyo, rangi peke yake haitoshi, kwa kuwa mwili mdogo hupozwa upesi na upepo. Kwangu mimi, la kustaajabisha zaidi ni jinsi tunutu anavyoutumia mwili wake. Asubuhi hulielekezea jua ubavu wote ili apate miale mingi. Adhuhuri, mchanga unapochoma, hugeuza kichwa kulikabili jua ili apigwe na miale michache, akajiinua juu ya miguu yake au kupanda kichakani, mahali penye hewa ya baridi kidogo.