Nyuzi 18 si joto la sebuleni

Digrii-siku za kupasha joto, kipimo cha kiasi nyumba zinavyohitaji kupashwa joto, hujumlisha nyuzi ambazo wastani wa joto la nje wa kila siku umepungua chini ya kiwango fulani, mara nyingi 18 za Selsiasi. Wengi hudhani hicho ndicho kipimo cha joto la ndani. Sivyo. Ni joto la nje. Likishuka chini ya hapo, hita inahitajika. Sebuleni panaweza kuwa na 20 au 21, maana jua la dirishani, birika la chai, friji na miili ya watu huongeza nyuzi kadhaa bure (za friji unazilipia, lakini basi).

Uingereza huhesabu kuanzia 15.5, Marekani 18.3. Siku ya wastani wa 10 ni digrii-siku 5.5 kwa Waingereza, 8.3 kwa Wamarekani, na baridi ni ile ile.