Wazimu wa siku chache: dhana potofu na ukweli

Dhana: Aliyerukwa na akili ghafla ana skizofrenia.
Skizofrenia ni ugonjwa wa akili wa muda mrefu, wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo. Jina hilo hudai muda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, unataka dalili zidumu angalau mwezi 1. Ule wa Marekani, DSM-5, unataka miezi 6. Wazimu wa siku chache ndio saikosisi kali ya muda mfupi; saikosisi ni hali ya akili kupoteza uhalisia. Kwa ICD-11, humkamata mtu aliyekuwa mzima, ikapamba moto ndani ya wiki 2 na isivuke miezi 3. Wamarekani wamebana zaidi: siku 1 hadi chini ya mwezi, kisha mtu arudie hali yake kamili. Ikivuka mwezi kabla ya miezi 6, wao huiita skizofrenifomu. Ndiyo maana mgonjwa yuleyule wa wiki 6 aweza kupewa majina mawili, na hakuna daktari aliyekosea.

Kosa la kawaida ni kuhesabu tangu siku ya kufikishwa hospitali. Hesabu huanzia dalili. Waulize ndugu: mara ya mwisho alikwenda kazini lini? Usiku gani alilala vizuri?

Dhana: Kila saa ana jambo jipya, basi anaigiza.
Kugeukageuka huko ndiko kunakoutambulisha ugonjwa. Asubuhi anasikia majirani wakipanga kumuua. Jioni anacheka, yeye ni nabii. Kesho yake analia kwa hofu. Aliyejitenga na kupooza hisia kwa miezi kadhaa kabla ya kuanza kusikia sauti, huyo mchunguze kwa njia nyingine.

Dhana: Kuweweseka ni kuweweseka, apewe dawa ya usingizi.
Hapa ndipo watu hufa. Malaria kali, homa ya uti wa mgongo, sukari kushuka na kuacha pombe ghafla huvuruga akili vilevile. Kabla ya kuandika saikosisi, pima joto, sukari na malaria, chunguza shingo kama imekakamaa, uliza pombe, bangi, mirungi na dawa anazotumia. Kisha mwambie ataje siku za wiki kinyumenyume. Mwenye saikosisi kwa kawaida hufika, hata akichomeka habari za maadui zake. Mwenye deliriamu, yaani akili iliyovurugwa na ugonjwa wa mwili, hupotelea Ijumaa, anasinzia, anauliza ulisema nini.

Dhana: Lazima pawe na msiba.
Hapana. DSM-5 huandika tu kama mshtuko ulikuwepo au haukuwepo. Huandika pia kama ugonjwa ulianza katika ujauzito au ndani ya wiki 4 baada ya kujifungua, na hiyo ni dharura: mama na mtoto wasiachwe peke yao.

Dhana: Kupandisha pepo ni saikosisi.
Anayepandisha ngomani, mbele ya wenzake wanaojua utaratibu, akatulia ngoma inapokwisha, hana ugonjwa huu. Akiendelea siku ya pili sokoni, ni jambo jingine.

Dhana: Amepona, faili lifungwe.
Utambuzi wa wiki ya kwanza ni wa muda. Wengi hubadilishiwa jina baadaye, hasa kuwa skizofrenia au ugonjwa wa baipola, wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Dawa zisikatishwe kienyeji, na tarehe ya kurudi kliniki iandikwe kabla hajaruhusiwa.