Zege halikauki, linashika: maneno ya nje ya uzio

Siku ya kumwaga zege, nje ya uzio wa mradi hakukosi watu. Wanasimama, wanashika kiuno, wanatoa hukumu. Mengi wanayoyasema yana chembe ya busara, ndiyo maana hayafi. Nimeyasikia miaka mingi nikiwa ndani ya uzio huo, na mengine nimeyasikia kwa wenzangu waliovaa kofia ngumu kama mimi.

"Ngojeni likauke kwanza"

Hii ndiyo mama wa dhana zote. Zege halikauki, linashika. Saruji ikikutana na maji huanza mmenyuko wa kikemia, na mmenyuko huo ndio unaozaa ugumu. Jua na upepo vikiyaiba maji mapema, kazi inakatika njiani na uso wa zege unabaki dhaifu: ukiukwaruza kwa msumari unatoa unga. Kwa hiyo ukiona vibarua wanamwagilia sakafu ya daraja iliyomwagwa jana, na kuifunika kwa magunia yaliyoloweshwa, hawajachanganyikiwa. Wataendelea hivyo siku saba, pengine zaidi.

Anayebisha aende kutazama nguzo za msingi zinavyomwagwa katikati ya mto. Zege hupelekwa kwa bomba refu hadi chini kabisa ya shimo, na mdomo wa bomba hauruhusiwi kutoka ndani ya zege lililotangulia. Linapanda polepole likiyasukuma maji juu, halichanganyiki nayo, na linashika huko huko chini ya maji bila kuona jua hata siku moja.

Basi wengine wakishaelewa kwamba zege linapenda maji, wanaingia kwenye kosa la pili: wanayaongeza kwenye mchanganyiko ili zege lilainike. Kwa mmenyuko wenyewe, saruji huhitaji maji ya takriban robo tu ya uzito wake. Kidogo huongezwa ili zege lifanyike kazi, lakini yanayozidi hapo hayana pa kwenda. Yakiondoka yanaacha vitundu, na vitundu ni udhaifu. Mmarekani Duff Abrams aliuandika uhusiano huo mwaka 1918 na bado unatuongoza. Ndiyo sababu zege likifika hupimwa kwa koni ya chuma yenye kimo cha milimita 300. Inajazwa kwa tabaka tatu, kila tabaka linachomwachomwa kwa fimbo mara 25, koni inanyanyuliwa, kisha unapima zege limeshuka kiasi gani.

Niliwahi kumkuta dereva wa gari la zege akifungua bomba la maji kimyakimya, kwa huruma tu, maana waliokuwa wakilisambaza walikuwa hoi. Tulipoinua koni, zege likatandazika kama uji. Gari zima likarudishwa. Siku ile sikuwa na rafiki pale kazini.

"Madaraja huvunjwa na malori"

Malori hukosea, lakini yanasingiziwa mno. Mshukiwa wa kwanza ni mto. Maji ya mafuriko yakigonga nguzo hujikunja kuelekea chini na kuchimba mchanga unaouzunguka msingi. Ubaya wake ni kwamba mafuriko yakipungua, lile shimo hujifukia kwa mchanga laini. Anayekuja kukagua maji yakiwa madogo anaona kila kitu kimekaa sawa, kumbe msingi umeegemea kitu kisicho na nguvu.

Aprili 5, 1987, mafuriko ya kijito cha Schoharie katika jimbo la New York, Marekani, yalikula chini ya msingi wa nguzo ya daraja, barabara iliyokuwa juu yake ikaporomoka na watu 10 wakafa. Machi 4, 2001, nguzo ya daraja la Hintze Ribeiro kwenye mto Douro, Ureno, ilikwenda na maji; basi na magari yakazama, wakafa watu 59. Huko, uchotaji wa mchanga mtoni kwa miaka mingi ulikuwa umeshusha kitako cha mto. Kwa hiyo anayesema mchanga wa mto hauishi, ajue kwamba hata usipoisha unaweza kuwa umetoka pale ulipohitajika.

Na hapa ndipo lawama ya "miezi minane hakuna daraja" inapozaliwa. Mkandarasi anatoboa ardhi, anachukua sampuli za udongo, anazuia maji, anashusha misingi hadi kwenye mwamba au udongo unaobeba. Mpita njia haoni chochote isipokuwa matope na mashine inayonguruma. Kisha sehemu ya juu inapanda kwa wiki chache, naye anasema wameanza kazi sasa.

"Daraja imara halisogei wala halina ufa"

Daraja la chuma la mita 100, joto likibadilika kwa nyuzi 40 kati ya msimu na msimu, hurefuka na kufupika kwa karibu milimita 48. Ule mwanya unaogonga tairi zako umeachwa kwa makusudi, na chini ya mihimili kuna vitako vya mpira vinavyoiruhusu kuteleza na kujipinda. Ukiuziba mwanya kwa zege ili gari lipite laini, daraja litatafuta pa kupasukia lenyewe.

Nyufa nazo si zote za kukimbiwa. Zege huhimili sana kukandamizwa, lakini kuvutwa huhimili karibu sehemu moja ya kumi tu ya hiyo. Ndiyo kazi ya nondo. Ufa mwembamba kama unywele, wa milimita 0.3 hivi, mara nyingi umo kwenye hesabu. Unaotisha ni ule unaopanuka, au unaovuja rangi ya kutu.

Kusogea kunakoua kupo, na mfano wake wenyewe umezungukwa na dhana potofu. Daraja la Tacoma Narrows, Marekani, lilifunguliwa Julai 1940 na kuanguka Novemba 7 mwaka huohuo, kwa upepo wa kilomita 65 hivi kwa saa. Husemwa upepo ulipiga kwa mapigo yaliyolingana na ya daraja. Sivyo hasa. Lilikuwa jembamba na jepesi mno, na lilipoanza kusokota, msokoto wenyewe ulibadilisha namna upepo unavyolishika, likazidi kusokotwa.

"Kuna watu wamezikwa ndani ya zege"

Hii imelizunguka bwawa la Hoover, Marekani, kwa miongo. Kule zege lilimwagwa kwa vitalu, na kila ndoo ilipandisha kina kwa inchi chache tu. Mtu mzima hazami humo bila kuonekana. Tena mwili ungeacha pango ndani ya zege, na hakuna mhandisi atakayelikubali.

Vifo vya kazini hutokea mchana kweupe. Agosti 29, 1907, daraja la Quebec, Kanada, lilianguka likiwa bado linajengwa na kuua wafanyakazi 75. Uzito wa daraja lenyewe ulikuwa umekadiriwa chini ya ulivyo. Vyuma vya chini vilionekana vimepinda siku kadhaa kabla, na agizo la kusimamisha kazi halikufika kwa wakati.

"Wakishakata utepe, mkandarasi ameondoka na pesa zake"

Si zote. Kwa kawaida mwenye mradi huzuia sehemu ya malipo, na salio lake hutolewa baada ya kipindi cha uangalizi, mara nyingi mwaka mmoja, ambapo kasoro ni za mkandarasi kurekebisha kwa gharama yake.

Swali la mwisho la nje ya uzio ni kuhusu vile vimatofali vya milimita 150 vilivyozamishwa kwenye tangi la maji nyuma ya ofisi ya mradi. Havijengi kitu. Vimetokana na zege lilelile lililoingia kwenye nguzo, na kila kimoja kimeandikwa tarehe na mahali. Siku ya saba vichache vinapondwa kwa mashine, siku ya 28 vinapondwa vilivyobaki, na kama namba haitoshi, nguzo inachunguzwa upya. Nimeona nguzo nzuri kwa macho ikivunjwa kwa sababu ya vimatofali vitatu.